Maoni Namba Saba

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama yako, ambaye goti lake bado linatabiri mvua na mwaka huu halijakosea hata mara moja. Sisi hatujambo. Paka amezaa tena ndani ya sanduku la kofia zangu, kwa hiyo natembea kichwa wazi na kila mtu anauliza nani kafa. Simu yako ya Jumapili niliisikia nusu, sikio langu unalijua. Tena simu siipendi. Kwenye simu mtu hana nafasi ya kukata neno aliloandika vibaya. Tuendelee na barua kama tulivyozoea.

Kitabu chako kimefika. Mama yako amekivalisha nailoni na kukiweka kabatini, kati ya saa iliyosimama na picha yako ya kuhitimu, na hakuna ruhusa ya kukigusa. Mgeni akija anaonyeshwa kwa mbali. Nimemwambia, dada, hata sisi makumbusho tunawaachia watu wasogee zaidi ya hapo. Jambo moja tu linamuuma: umeandika kwa jina la bandia, hivyo kila mgeni lazima aelezwe upya kwamba huyo kwenye jalada ni wewe, na wengine wanatoka hawajaamini.

Kwa kuwa cha nyumbani hakisomeki, mimi nimeazima nakala moja kati ya tatu za maktaba, hapa ng'ambo ya barabara. Mkutubi wetu ana daftari lake mezani: ukirudisha kitabu, unaandika maoni kabla hajakupa kingine. Jina si lazima, andika kazi yako au upendalo. Kitabu chako kinagombaniwa. Watu wamesikia kwamba kuna mauaji ndani ya makumbusho, na mji huu una makumbusho moja tu, basi kila mmoja anataka kujua nani kauawa.

Nimeamua kukunakilia maoni yote, nikiyapa namba kwa penseli pembeni mwa daftari, maana ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote. Unakumbuka sheria yetu: namba ya kitu haipewi kitu kingine, hata kitu kikiibiwa, hata kikiliwa na mchwa. Haya, pokea.

1. "Nilianza asubuhi, viatu vya watu vikalala. Lakini mpelelezi anakunywa chai mno. Nimehesabu vikombe thelathini na kimoja." Fundi viatu.

2. "Mtu aliyepigwa kichwani hafi namna ile. Mwandishi aje wodini tumwonyeshe. Mengine mazuri." Muuguzi.

3. "Lugha safi. Koma zimezidi." Mwalimu mstaafu.

Mimi mwenyewe bado nasoma, nimefika ukurasa wa tisa. Usinihimize, mzee husoma kama anavyokula mfupa.

Mjomba wako


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini wewe na Mama ni wazima. Mimi mzima, ila kikohozi kimekuja kukaa na hakijasema kitaondoka lini. Kwenye kiwanda cha uchapaji kazi ni ile ile: nasoma prufu, natafuta makosa ya watu siku nzima, nikirudi nyumbani nayaona hata kwenye paketi ya chumvi. Mwambie Mama kwamba jina la bandia si kumkataa yeye wala marehemu baba. Wachapaji walisema linauza. Nadhani walisema hivyo.

Maoni yamenichekesha mpaka kikohozi kikapata nguvu. Chai nakiri, nikikwama kuandika huwa nampa mpelelezi kikombe. Mwalimu mstaafu mwambie koma nitampelekea kwenye gunia azitumie atakavyo.

Lakini Mjomba, kwenye ukurasa wa tisa umekwama wiki ngapi? Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa lebo zako, nikiwa nimesimama juu ya kreti. Maoni yako ndiyo ninayoyangoja kuliko ya wote. Ukimaliza niambie kweli, lolote lile. Hata kama kuna mahali hukupapenda.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho nikaikata, nikaiandika tena. Basi iache.

Mpwa wako


11 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Kikohozi hicho kitafutie dawa, usikifanye mpangaji. Mama yako anasema usilale na dirisha wazi, ingawa nimemweleza kwamba hajui kama dirisha lako linafunguka. Paka wamefumbua macho, wako watano, na kofia yangu ya kijivu ndiyo choo chao.

Kitabu nimekimaliza. Una mkono mzuri.

Pale kazini mambo yamechangamka. Wageni wanakuja na kitabu mkononi, wanapita ukumbi wa kwanza na wa pili bila kugeuza shingo, wanakwenda moja kwa moja wa tatu kuutazama mtungi wetu, kwa sababu ya ule wa kitabuni. Wanauzunguka. Wanabana shavu ukutani wachungulie nyuma, kama muuaji wako alivyouficha ufa kwa kuugeuzia ukutani. Mkuu wetu mpya, kijana mwenye bidii, amefurahi sana. Anataka kuweka kioo nyuma ya mtungi, wageni waone mgongo wake bila kuchafua ukuta. Walinzi nao wamepata mchezo. Kwa kuwa muuaji wa kitabu ni mwandika lebo, na mwandika lebo hapa ni mimi peke yangu, asubuhi nikiingia wanasema, "Muuaji, umeamkaje?" "Muuaji, chai tayari." Nacheka nao. Ukikasirika wanajua wamekupata.

Haya maoni.

4. "Nilidhani muuaji ni mkurugenzi. Kumbe yule mzee mpole wa lebo! Tangu siku hiyo watu wapole nawatazama mikono." Dereva wa lori.

5. "Tulisoma kwa zamu, mmoja akaficha kurasa za mwisho akadai tumfulie sare. Tumefua. Kitabu kinastahili." Wanafunzi wa bweni, chumba cha nne.

6. "Pale anapounga mtungi akihesabu mpaka mia mbili gundi ishike, sindano yangu ilisimama hewani. Mteja akaniuliza kama naumwa." Fundi cherehani.

8. "Mfagiaji anakufa mapema mno. Ukurasa wa kumi na moja! Hata hatujajua ana watoto wangapi." Karani wa posta.

9. "Nimesoma mwisho kwanza. Sijuti." Mwenye haraka.

Ni hayo. Barua hii naipeleka posta mwenyewe kabla sijaingia kazini.

Mjomba


25 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mama alinipigia, akaniambia huli vizuri. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu umalize kusoma. Halafu akabadilisha mazungumzo akaanza habari za paka. Kikohozi kimepona.

Nimesoma barua yako mara nyingi, nikitafuta sentensi nyingine baada ya "Una mkono mzuri." Haipo. Hayo ndiyo maneno unayomwambia mtu aliyepaka rangi lango.

Najua unachofikiri kuhusu ukumbi wa tatu. Nilijiambia kwamba nimebadilisha vya kutosha. Mtungi wa kitabu ni mwekundu, ule wa kweli mweusi. Mwandika lebo wangu ni mrefu, ana mvi, anavuta tumbaku, na wewe hujawahi kuvuta. Basi, nisizungumzie hilo kwenye barua kabla hujalizungumza wewe.

Nauliza dogo tu. Umeruka kutoka sita kwenda nane. Namba saba iko wapi?

Mpwa wako


30 Mei

Mpwa wangu,

Utanisamehe kwa kuchelewa. Niliumwa kidogo, halafu mama yako akaumwa zaidi ili asipitwe. Sasa wote tumepona. Paka wanne wamepata kwao, wa tano amekataa kuondoka.

Mwisho wa Julai nastaafu. Wanaandaa sherehe, watu watasimama na soda ndani ya ukumbi wa tatu, Mkuu atanisifu kwa miaka thelathini na minne bila doa. Neno hilo, bila doa, ameshaliandika, nimeliona kwenye rasimu mezani kwake. Aliniomba nimwandikie rasimu hiyo vizuri kwa mkono, mwandiko wangu ukiwa mzuri kuliko wake. Nimeiandika.

Namba saba si kitu. Ni mtu hakupenda kitabu. Tena kurasa zile zimeharibika, zimegandana, labda mtu alimwagia chai. Achana nayo.

Ila kwa kuwa umegusa ukumbi wa tatu, nami nitagusa. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuambia siri ya mtungi aijuaye kata, ukacheka, ukasema basi wewe ndiye kata. Kata ikinyamaza miaka kumi na tisa mtu husahau kama ipo. Leo mji mzima unajua niliunga vipi, nilisogeza lebo upande gani, nilihesabu mpaka ngapi. Wanadhani ni hadithi, ndiyo, na mimi nacheka nao. Lakini kwa nini hukuniuliza? Barua moja tu. Ulikuwa na stempu.

Sijakasirika. Nimeandika hivyo nikaona si kweli. Nimekasirika, halafu naona aibu, maana sina haki ya kukasirika, halafu nakasirika tena.

Mjomba wako


9 Juni

Shikamoo Mjomba,

Salamu kwa Mama na kwa paka wa tano. Leo sina habari nyingine, nimeomba ruhusa kazini nikuandikie.

Sikukuuliza kwa sababu nilijua ungesema hapana. Hiyo ndiyo sababu, na haina ya pili. Nimeitafuta ya pili iliyo nzuri zaidi, sikuipata. Naona aibu, Mjomba. Jina la bandia si la wachapaji, nililitaka mimi, nisionekane.

Lakini na mimi nilishika vipande. Tusisahau hilo. Jumamosi ile milango imefungwa, wewe umeushusha mtungi upime mahali pa lebo mpya, kiwiko chako kikaugonga kwenye ukingo wa kabati, mdomo ukatoka vipande vitatu. Ulipaka gundi, mimi nikashika, ukaniambia hesabu mpaka mia mbili, nilipofika mia na arobaini pua ikaniwasha na sikujikuna. Nilijivunia jinsi sikujikuna. Hilo nimelikumbuka miaka yote kama ushujaa.

Miezi minne baadaye waliuhamisha mtungi kupaka ukuta rangi, wakauona ufa. Aliyekuwa akigusa vitu kila siku ni mmoja tu, mama mfagiaji. Yule aliyekuwa akinisuka nywele kwenye ngazi za nyuma nikikungoja umalize kazi. Siku alipofukuzwa alibeba ndoo yake, kumbe ndoo ilikuwa yake mwenyewe, si ya makumbusho. Aliniona mlangoni, akanipungia mkono. Nikajificha nyuma ya kabati la sarafu mpaka alipopotea.

Karani wa posta ana haki. Mfagiaji wangu amekufa ukurasa wa kumi na moja, hana watoto, hana hata ndoo. Nilimuua mapema ili nisilazimike kumwandika akitoka pale mlangoni. Watu wanasema mwandishi ana ubunifu. Mimi nilikimbia tu.

Sasa nisikilize. Wewe huwezi kuandika namba halafu ukaipoteza. Ungekuwa mtu mwingine, ungeiita nane saba, tisa nane, nisingejua kamwe. Uliiacha wazi kwa sababu mkono wako haujui kudanganya rejesta. Kwa hiyo namba saba ipo. Nitumie, au nitapanda basi nije kulifungua daftari lile mwenyewe, chai au si chai.

Mpwa wako


28 Juni

Mpwa wangu,

Mama yako anakusalimu. Amekivua kitabu nailoni na sasa anakisoma, yuko ukurasa wa arobaini, kila akinipita ananitazama kwa pembeni. Nadhani na yeye Jumamosi ile aliona gundi kwenye vidole vyako.

Haikuwa chai. Namba saba iliandikwa kurasa mbili zinazotazamana, peke yake. Niliisoma nimesimama, mkutubi akiwa amekwenda kufungua madirisha. Nikarudi kesho yake na kichupa cha gundi mfukoni, nikazibandika zile kurasa mbili, nikazishika kwa kiganja. Nilifika mia na sitini ndipo nikasikia ninachofanya. Nilikuwa nahesabu kwa sauti. Mzee wa miaka sitini, ndani ya maktaba, mchana kweupe. Sijawahi kujionea haya kama nilivyojionea pale, na bado nilimalizia mpaka mia mbili.

Jumatano nimemwambia mkutubi kweli. Hakunifokea, ingawa kunifokea kungekuwa nafuu. Alichemsha maji, tukazishika kurasa juu ya mvuke wa birika, nikazitenganisha kwa kisu cha karatasi. Wino umefifia mahali pawili lakini unasomeka. Nanakili kila neno.

7. "Mimi si msomaji, macho yangu hayafai tena. Binti yangu wa pili amenisomea na ndiye anayeandika hapa. Tulipofika mahali pa mtungi nikamwambia, rudia. Akarudia. Nikamwambia, rudia tena. Nilifanya kazi mahali penye mtungi uliogeuzwa vile vile, na lebo imesogezwa kushoto vile vile. Nilifukuzwa kwa kuuvunja na nilikubali. Sikukumbuka kuuvunja, ila siku moja nikifuta vumbi nilisikia kitu kimelia, tik, na waliponiuliza nikasema labda ni siku ile. Miaka kumi na tisa nimejua ni mimi. Nyumbani kwangu sikuweka tena chombo cha udongo wala kioo, tunanywea bati. Wanangu wakanipa jina, Mama Bati, wakidhani ni ubahili. Sina ugomvi na mwandishi. Namuuliza neno moja: hili alilitunga, au aliliona? Kama alilitunga, basi ni hadithi, nitaendelea na bati langu. Kama aliliona, aniambie. Niko nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa bluu." Aliyekuwa mfagiaji.

Umeona sasa. Swali si langu, ni lako, na mimi nimelikalia tangu Machi. Nilipokuwa nikiambiwa alikubali mwenyewe, nilijifariji kwamba pengine alikuwa amevunja kitu kingine. Mtu akitaka kulala hakosi mto. Sikuwaza kwamba aliamini.

Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo hulijui. Nitakuambia tukikaa uso kwa uso. Si la barua.

Mjomba


5 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imenikuta mlangoni nikienda kazini. Sikwenda.

Hii hapa ni nakala yako. Karatasi yenyewe nimeituma maktaba, nimemwomba mkutubi aibandike chini ya namba saba na amsomee mwenyewe akija, na nyingine ile ile nimeituma nyumba ya mlango wa bluu.

"Mama, sikutunga. Niliona. Nilishika vipande kwa mikono yangu gundi ikikauka, na uliponipungia mkono nilijificha. Hukuuvunja wewe. Mimi ndiye yule mtoto uliyekuwa ukimsuka kwenye ngazi za nyuma. Naona aibu kwamba umelijua hili kwenye kitabu nilichokiuza."

Chini nimetia jina langu la kweli, lile ambalo Mama anataka.

Aliyeuvunja sijamtaja. Hilo namwachia mwenye kiwiko. Sikutishi, Mjomba, wala sitakuandikia tena mpaka uniandikie. Ila tarehe thelathini na moja watasimama na soda mkononi, na mtu atasoma "bila doa" kwa mwandiko wako.

Mpwa wako


6 Agosti

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi ni wazima. Goti la mama yako limetulia tangu kiangazi kianze, na paka wa tano sasa ana jina, anaitwa Mstaafu.

Nianze na sherehe. Wiki mbili kabla yake nilikwenda mlango wa bluu mara tatu na mara tatu nikarudi. Mara ya nne binti yake alikuwa anaanika nguo akaniuliza, "Baba, wewe ndiye unayekuja kununua nyumba?" Nikasema hapana, nimeleta mwaliko. Nikampa, nikaondoka upesi kama mwizi. Kwa hiyo sikujua kama atakuja.

Alikuja. Amekonda, anashikiliwa mkono na binti, na alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Mkuu alisimama na karatasi yake, alipofika kwenye "bila" nikamgusa mkono nikamwomba nizungumze kwanza. Akadhani machozi yamenizidi, watu wakapiga makofi. Nikatoa lebo mfukoni. Nilikuwa nimeiandika siku nne, ndiyo lebo iliyonishinda kuliko zote, na nilifanya kile ambacho mwandika lebo hufanya, nikasoma:

"Mtungi wa maji. Udongo mweusi. Mdomo ulivunjwa vipande vitatu na mwandika lebo wa makumbusho haya, akauunga kwa gundi, akaugeuzia ukutani. Mfagiaji aliyefukuzwa kwa ajili yake hakuuvunja."

Mlinzi mmoja alicheka, akidhani ni mzaha wa kitabu. Alipoona hacheki mwingine akanyamaza, na tangu hapo hajaniita Muuaji. Kutoka nyuma nikasikia sauti: "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Nikasoma mara ya tatu, na ya tatu ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa watu walikuwa wanasikiliza.

Akasimama, akasogea na binti yake mpaka mbele. Mkuu akafungua kabati mwenyewe, tukaugeuza mtungi ufa ukawa mbele. Mama yule akaweka kidole kwenye ufa, akaufuata wote taratibu, akarudi alikoanzia. Miaka yote aliyofanya kazi pale aliushika kwa kitambaa tu. Halafu akaniambia, bila kupandisha sauti, "Ile barua ya kunifukuza ilikuwa na mwandiko mzuri sana. Sikuweza kuitupa, ninayo mpaka leo. Nani aliiandika?"

Hilo ndilo lililobaki, mpwa wangu, lile nililosema si la barua. Mkuu wa wakati ule aliniita ofisini, akasema mwandiko wako ndio mzuri, tuandikie. Nikaandika. Nilipanga hata pambizo.

Nikamjibu, "Mimi."

Alinitazama kwa yale macho yake yasiyofaa. Akasema, "Basi hilo halimo kwenye lebo."

Nikaomba kalamu. Nikaongeza mstari mmoja palepale, kwamba barua niliiandika mimi, nimeinama juu ya kabati, na mwandiko ni mbaya, wa mtoto. Umebaki hivyo hivyo. Mkuu anasema lebo itakaa wiki moja, halafu ofisi itaamua. Mimi nimeshazirudisha funguo, si langu tena kuamua. Karatasi ya kunisifu waliikunja.

Hakunisamehe, nami sikumwomba mbele ya watu, maana ningekuwa namdai tena kitu. Alipotoka mlangoni mama yako alimfuata, wakasimama nje kitambo, sijui walizungumza nini na dada hataki kuniambia. Nilichoambiwa ni cha kwako: barua yako imefika, imesomwa, na mlango wa bluu haugongwi, unasukumwa. Ana maneno na wewe. Usije na zawadi ya kikombe.

Sasa maoni yangu, uliyoyaomba tangu Februari. Jana nimerudisha kitabu, mkutubi akanisogezea daftari. Ninakunakilia, na namba yake ni kumi na sita.

16. "Nimekisoma mpaka mwisho. Kosa ni moja, liko ukurasa wa kumi na moja. Mfagiaji hakufa." Muuaji.

Njoo kabla mvua hazijaanza.

Mjomba wako